Uvimbe umeonekana, lakini je, ndio unaotoa damu?

Wagonjwa wengi hunijia na picha ya ultrasaundi mkononi na hukumu imeshatolewa: "Daktari, nina fibroidi, ndiyo maana natokwa damu nyingi ukeni." Pengine ni kweli. Ila fibroidi, uvimbe wa msuli wa kizazi usio saratani, ni wa kawaida mno, na nyingine hukaa miaka kwenye kizazi bila kumsumbua mtu. Ninachotafuta kwanza ni mahali ulipo. Uvimbe uliochomoza ndani ya uwazi wa kizazi, hata wa sentimita 2 tu, unaweza kumwaga damu kupita kiasi. Ulioota upande wa nje ukafika sentimita 8 unaweza kubana kibofu, na hedhi ikabaki vilevile. Ripoti inayosema "fibroidi imeonekana" bila kutaja mahali, kwangu ni nusu ripoti.

Mwaka 2011 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, lilivipanga vyanzo vya damu hii isiyo ya kawaida katika makundi 9. Manne ni ya kimaumbile: polipu (kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa kizazi), adenomayosisi (ukuta huo kupenya ndani ya msuli wa kizazi), fibroidi, na saratani pamoja na mabadiliko yanayoitangulia. Matano yaliyobaki hayana uvimbe wa kuonyesha, kwa hiyo anayeanza na picha ameruka nusu ya kazi.

Hata kabla ya makundi hayo kuna kipimo cha mimba. Nakiomba kwa kila aliye katika umri wa kuzaa, hata anayeniapia kwamba haiwezekani (wengine hununa, na wanune). Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kujifanya hedhi ya ajabu, kumbe damu ya hatari inavujia tumboni.

Kisha maswali. Hedhi ya kawaida hurudi kila baada ya siku 24 hadi 38 na haizidi siku 8. Vitabu hutaja mililita 80 kama kikomo, lakini nani anapima? Mimi nauliza: unaamka usiku kubadilisha pedi? Unavaa mbili kwa pamoja? Unatoa madonge? Umeanza dawa gani, umewekewa kitanzi au kijiti? Damu inayokuja kwa tarehe zake ila nyingi hunielekeza kwenye fibroidi, adenomayosisi au damu isiyoganda vizuri. Inayopotea miezi miwili mitatu kisha ikafunguka kwa wiki kadhaa, mara nyingi yai halipevuki, na hapo napima homoni za thairoidi na prolaktini, homoni ya maziwa. Inayotoka baada ya tendo la ndoa hunipeleka moja kwa moja kwenye shingo ya kizazi.

Na shingo ya kizazi hukaguliwa kwa spekulamu, kifaa cha kufungulia uke, na macho. Ultrasaundi inaweza kurudi safi huku kidonda cha saratani kipo palepale. Inaniudhi kuona mwanamke amepigwa picha mara kadhaa na hakuna aliyemkagua.

Kwa binti mwenye damu nyingi tangu avunje ungo, nauliza kama aliwahi kung'olewa jino likavuja siku nzima, kama hupata michubuko ovyo, na kama mama yake naye yuko hivyo. Majibu hayo ndiyo hufichua ugonjwa wa von Willebrand, ule wa kurithi unaofanya damu isigande vizuri. Hemoglobini naipima pamoja na feritini, kwa sababu wingi wa damu unaweza kusoma vizuri wakati akiba ya madini ya chuma imekwisha.

Aliyefika miaka 45 na anatokwa damu isiyo ya kawaida namchukua kinyama cha ukuta wa ndani wa kizazi kikapimwe saratani. Mdogo zaidi pia, kama ana unene uliokithiri au yai lake halijapevuka kwa muda mrefu. Aliyekoma hedhi mwaka mzima, tone moja tu linatosha kumleta. Kwake ukuta usiozidi milimita 4 kwenye ultrasaundi ya ukeni hunipa utulivu, ukizidi kinyama kinachukuliwa. Na ukiwa mwembamba lakini damu ikarudi tena, nachukua vilevile.