Sakafu ya lamineti: mti ulopigwa picha

Ijumaa nilikwenda kwa dada yangu Fuoni, kaweka sakafu mpya chumbani, inang'ara, rangi kama ya msaji wa zamani, mashaallah inapendeza. Nikakaa chini kucheza na mwanawe na hapo ndo nikaona kitu. Jicho la mti, lile fundo jeusi lenye kamkia pembeni, liko kwenye ubao wa karibu na mlango, liko tena chini ya dirisha, na nikiinama naliona jengine miguuni mwa kitanda. Lile lile, mkia ule ule. Sasa mti gani huo ulozaa fundo moja mara tatu?

Dada akanambia hizi ni mbao kweli, fundi kasema zimekatwa nyembamba tu. Hapo ndo watu wengi wanapokosea. Sakafu yenye mti wa kweli juu ipo, unakatwa ukawa mwembamba ukagandishwa juu ya mbao nyengine, lakini hiyo si lamineti na bei yake utaijua tu. Ya lamineti unayoiona juu ni PICHA. Wanachukua ubao wa kweli, mzuri hasa, wanaupiga skani mishipa yote na mafundo, wanaichapa kwenye karatasi, halafu karatasi inalowekwa gundi ya melamini. Juu yake inakwenda karatasi nyengine, hiyo inapitisha mwanga na ina chembe ngumu za oksidi ya alumini za kuzuia mikwaruzo. Katikati kuna ubao wa nyuzi za mbao zilosagwa na kushindiliwa, ndugu yake MDF lakini mzito zaidi, na chini kabisa karatasi nyengine ya kuuzuia usipinde. Yote yanaingia kwenye presi yenye moto wa kiasi cha nyuzi 200, yanatoka kitu kimoja cha milimita 6 mpaka 12. Na kwa kuwa picha ile ina mwisho wake, inaanza tena upya, basi mafundo pacha lazima yatokee. Fundi mzuri anafungua maboksi matatu manne kwa pamoja anachanganya, mapacha wasikae karibu.

"Lakini mie nimepapasa kwa mkono nimesikia mishipa ya mti!" Umesikia kweli, hukukosea, ila ile presi ina bamba la chuma lilochongwa mistari, ndo linaloacha alama juu. Zile za bei ndogo mistari inakwenda kivyake na picha kivyake, zile nzuri bonde linaangukia pale pale penye mshipa ulochapwa, na hapo hata seremala anaweza kusita kidogo. Mie kwa kweli naipenda kazi hiyo, mtu kakaa akafikiria mpaka kidole chako.

Ya mawe nayo ina maneno yake. Watu wanaamini ile yenye sura ya marumaru ina jiwe ndani. Haina. Ni ubao ule ule wa nyuzi, picha tu ndo ya jiwe, na zile fito baina ya kigae na kigae ni mfereji ulobonyezwa au rangi ilochapwa. Vua viatu ukanyage utajua mwenyewe. Jiwe linanyonya joto la mguu ndo maana unasikia baridi, kama zile sakafu za nyumba za Mji Mkongwe mchana wa jua kali, lamineti haikupi baridi ile hata siku moja. Na ukigonga kwa kisigino inalia kama ina uwazi chini, ndo maana inatandikwa sponji kwanza. Kuna ile nyengine ya plastiki ilochanganywa na unga wa mawe ya chokaa, hiyo ndo ina jiwe la kusagwa kweli na maji haiogopi, lakini ni bidhaa tafauti na madukani zinapangwa pamoja, basi uliza vizuri.

Na hili la maji ndo linaloniuma, maana sie tulipoteza pesa. Mjomba wangu aliambiwa dukani "haiingii maji", akaweka ukumbi mzima chini. Sie huku tunadeki kwa ndoo, maji yanamwagwa yanasukumwa mpaka mlangoni, ndo usafi tulolelewa nao. Masika moja tu, jointi zote zikainuka zikawa kama midomo ilovimba, na zikivimba hazirudi. Ule uso wa juu kweli hauingii maji, ila maji yanapita kwenye jointi yanazikuta nyuzi, na unyevu wa zege unapanda kwa chini kama hukuweka nailoni. Zipo zilotiwa kinga kwenye jointi zinazovumilia maji yalomwagika kwa saa kadhaa, lakini kuvumilia si kudekiwa kila siku. Kitambaa kilokamuliwa kinatosha. Na ukutani iachwe nafasi ya milimita 8 mpaka 10, maana ubao huu unatanuka na unyevu, skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta, itaificha.

Eti ikichakaa unapiga msasa na vanishi? Wallahi usithubutu! Mlango wa msaji utaupiga msasa miaka na miaka, hii msasa mmoja picha imeondoka. Na mchwa nao kwao hizo ni nyuzi za mbao tu, chakula.

Wengine wanaidharau, ati feki ya juzi. Ilibuniwa Sweden na kampuni ya Perstorp mwaka 1977, ikaingia sokoni Ulaya 1984 kwa jina la Pergo, na hizi za kubana bila gundi zikaja miaka ya 1990. Za nyumbani tafuta zilizoandikwa AC3 kwenye boksi, hiyo ni alama ya uimara wa uso wa juu, za dukani AC4 na kwenda juu.

Dada nilimwambia achukue kipande kilobaki akitie kwenye beseni la maji usiku. Asubuhi akanipigia, ukingo umevimba kama biskuti kwenye chai. Ya chumbani kaiacha, ukumbini anaweka vigae, na dekio la chumbani kalitenga peke yake nyuma ya mlango.