Je, wajua kwa nini wikiendi ya Tanga inapangwa kwa kuangalia mwezi kwanza?

Watu wakitaka kuja Tanga kwa siku mbili huwa wananiuliza yale yale, basi linachukua masaa mangapi, nilale wapi, mapango ya Amboni ni mbali na mjini? Ni maswali ya maana yote. Lakini liko moja ambalo mgeni wa bara halimjii kichwani kabisa, na sie wa pwani tumelizoea tangu utotoni mpaka tunasahau kumwambia mtu: mwezi ni wa ngapi, yani tangu uandame leo ni siku ya ngapi?

Mie nililiona hili vizuri wifi yangu alipokuja kutoka Dodoma na wanawe wawili. Walifika Ijumaa usiku wamechoka, Jumamosi alfajiri watoto wako macho wanataka bahari, basi tukanywa chai na vitumbua tukapanda bajaji, saa nne na nusu tuko ufukweni Raskazone. Kufika pale maji yako kule mbali, mbele yetu ni mawe, majani ya bahari na vidimbwi. Yule mdogo akanishika mkono akauliza, "Anti, maji wameyapeleka wapi?" Nikasema haya, twende tukatafute boti ya kwenda kisiwa cha Toten basi, yule mzee wa boti akatutazama na mataulo yetu akasema, "Mwanangu, leo bamvua. Boti yangu hiyo hapo iko juu ya mchanga. Rudini alasiri." Bamvua ni zile siku maji yanapanda sana na kushuka sana. Na alasiri tulishaahidiana na dereva wa kutupeleka Amboni, Jumapili asubuhi wana basi. Wakaondoka hawajaogelea wala hawajavuka kisiwani.

Iliniuma kwa sababu hakuna kilichoharibika siku ile. Bahari ilikuwepo, Amboni ilikuwepo, dereva alikuwepo. Tungegeuza tu, asubuhi mapangoni na alasiri baharini, watoto wale wangepata vyote viwili.

Sasa tuje kwenye kwa nini. Maji ya bahari yanavutwa na mwezi. Upande wa dunia unaoutazama mwezi maji yanavimba kidogo, na upande wa pili kabisa wa dunia nako yanavimba, kwahiyo dunia inapozunguka sisi wa Tanga tunapita kwenye vimbe mbili kwa siku, maana yake maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama masaa 12 na dakika 25. Hizo dakika 25 zinatoka wapi? Mwezi wenyewe hausimami, wakati dunia inajizungusha na mwezi nao unasogea mbele, ndo maana unachukua kama masaa 24 na dakika 50 kurudi pale pale juu ya kichwa chako. Kwahiyo kama leo maji yamejaa saa nane mchana, kesho yatajaa karibu na saa tisa kasorobo au saa tisa, keshokutwa mbele zaidi.

Jua nalo linavuta, ila kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi kwa sababu liko mbali sana. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja na dunia, vinavuta kwa pamoja, hapo ndo bamvua: maji yanapanda sana na yanakwenda nje sana. Pwani yetu hii tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua inapita mita 3, yani mtu mrefu asimame na mtoto mabegani bado maji yanawafunika. Mwezi ukiwa nusu, jua linavuta huku na mwezi unavuta kule, nguvu zinapunguzana, tunapata maji mafu, bahari inapanda na kushuka kidogo tu, haiendi mbali.

Mpaka hapo wengi wanajua, hata shule wanafundisha. Kinachonifurahisha mie ni hiki kinachofuata, na ndicho kinachomsaidia mtu wa kupanga safari: kwa mji mmoja, bamvua inakuja na saa yake ile ile. Hapa kwetu siku za bamvua maji yanakupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi, kumi na moja jioni. Mwezi huu hivyo, mwezi ujao hivyo, mwakani hivyo. Sababu ukiifikiria ni nyepesi. Mwezi mwandamo unakuwa juu yetu pamoja na jua, yani saa sita mchana. Mwezi mpevu unakuwa juu yetu saa sita usiku. Na bahari ni nzito, ikivutwa haiitiki papo hapo, pwani yetu inachelewa kama masaa manne hivi. Saa sita ongeza masaa manne ni saa kumi. Na mwezi nusu je? Huo unakuwa juu yetu saa kumi na mbili, jioni au asubuhi, ongeza manne unapata saa nne, kwahiyo maji mafu yanajaa saa nne, saa tano asubuhi, na yanakupwa jioni. Kinyume kabisa cha bamvua.

Ukishalijua hilo huhitaji hata jedwali, ingawa majedwali ya maji yapo mengi kwenye intaneti na ni vizuri kuhakikisha. Angalia kalenda ya Kiislamu iliyopo karibu kila duka la Ngamiani hapa mjini. Tarehe 1 mpaka 3 za mwezi wa Kiislamu, na 15 mpaka 17 hivi, ni bamvua. Tarehe 8 mpaka 10, na 22 mpaka 24, maji mafu. Katikati hapo unasogeza saa moja kasoro kwa kila siku. Haitakuwa sahihi kwa dakika, ila haitakupeleka Raskazone saa nne asubuhi siku ya bamvua na watoto wamevaa nguo za kuogelea.

Sasa tuchukue Jumamosi ya bamvua. Asubuhi nenda Amboni, ni kama kilomita 8 tu kutoka mjini njia ya Horohoro, unaingia mapangoni wakati jua linaanza kukaza na kule ndani kuna ubaridi. Ni mapango ya mawe ya chokaa ya tangu enzi za mijusi wakubwa, dinosaria, inakadiriwa miaka milioni 150, maji yametafuna jiwe pole pole mpaka yakaacha kumbi na vichochoro. Yako mapango 10, wageni wanapitishwa kwenye moja. Vaa viatu vya kufunika, na msikilize anayewaongoza maana bila tochi yake hamuoni hata mkono. Utaona pia sehemu ya mizimu ambapo watu wanaweka sadaka zao na kuomba, pita kwa adabu, pale ni mahali pa ibada ya watu. Utasikia kwamba pango linatokea Mombasa, wengine wanasema Kilimanjaro. Mwaka 1994 wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima, pango refu kuliko yote halikufika hata kilomita moja, lilikuwa mita 900. Mie hadithi ya Mombasa naipenda hivyo hivyo, nimeisikia kwa bibi yangu kabla sijaiona Amboni kwa macho, lakini ukweli wa vipimo ni huo.

Rudi mjini ule, upumzike, saa tisa uwe ufukweni. Maji yanapanda, boti zinaelea, Toten iko pale pale ndani ya ghuba mbele ya mji. Jina ni la Kijerumani, maana yake ni la wafu, na kweli kuna makaburi na magofu ya misikiti ya watu walioishi hapo zamani. Kubaliana na nahodha saa ya kurudi kabla hamjaondoka, usimwambie "tukimaliza tutakwambia", kwa sababu pembeni mwa kisiwa kuna mikoko na matope, maji yakianza kukupwa mnashuka kwenye boti mnatembea na viatu mkononi. Pia bahari hii yote kuanzia hapa kuelekea Pangani ni hifadhi tangu 2009, hifadhi ya silikanti, yule samaki wa kale ambaye dunia ilidhani amekwisha zamani za mijusi mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwahiyo matumbawe na kombe viacheni vilipo.

Jumapili ndo napendekeza Tongoni, na hapa nakuomba uende asubuhi ile ile ya bamvua, maji yakiwa nje. Ni kama kilomita 20 kusini, njia ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya Waswahili wa zamani, mengine yalikuwa na nguzo ndefu zilizopambwa kwa vyombo vya kaure kutoka China, vyombo vimeng'olewa, mashimo yake unayaona. Wageni wengi wanapiga picha dakika ishirini wanaondoka. Mie nasema kaa. Teremka ukatazame bahari ilivyokwenda nje.

Aprili 1498 meli za Vasco da Gama zilikuwa zinapita upande huu zikielekea Mombasa. Alfajiri kabla hakujakucha moja, São Rafael, ikapanda fungu, yani sehemu ya bahari yenye kina kifupi. Maji yakakupwa, meli ikabaki juu pakavu kabisa na watu wake wote wanaitazama. Wanahistoria wengi wanasema mafungu hayo ni ya Mtangata, ndo hapa Tongoni, na milima waliyoiona bara wakaisifu kwa uzuri ni Usambara. Walioandika safari ile wanasema meli ikiwa imekwama vilikuja vyombo viwili vya wenyeji, kimoja kina machungwa mazuri kuliko ya kwao Ureno. Fikiria, miaka mia tano na zaidi iliyopita, machungwa, upande wetu huu huu ambao leo lori za machungwa zinatoka Muheza kwenda Dar na Kenya. Mchana maji yakajaa, meli ikaelea, ikaendelea na safari. Mwaka uliofuata wakati wa kurudi, Januari 1499, mabaharia wengi walishakufa na hawakutosha kuendesha meli zote, São Rafael ikarudishwa kwenye mafungu yale yale ikachomwa moto. Mafungu yenyewe yako mbali, usitegemee kuyaona kutoka makaburini, lakini ukisimama pale saa nne asubuhi mbele yako mchanga mtupu, na ukajua saa kumi pale pale patakuwa na kina cha kumzamisha mtu, unaielewa ile alfajiri yao.

Ikiwa wikiendi yako imeangukia maji mafu, geuza. Boti na kuogelea asubuhi saa tatu mpaka saa sita, mchana Amboni, jioni tembea mjini: boma la zamani la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi, na Ngamiani ambako mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya ngapi na ya ngapi, huwezi kupotea. Kule Raskazone ndiko Waingereza na jeshi lao la Wahindi waliposhuka Novemba 1914 kupigana na Wajerumani, walikuwa wengi mara kadhaa kuliko wenzao na bado walishindwa, na katikati ya vita nyuki wakatoka wakawauma watu wa pande zote. Kwa kutembea mjini maji hayana habari, iwe bamvua iwe mafu, kwahiyo hiyo iweke kwenye masaa yoyote yanayobaki.

Kitu cha mwisho ni stendi. Mabasi ya mikoani yako Kange, si katikati ya mji, kwahiyo hesabu na muda wa daladala au bajaji, na kama unarudi Dar kumbuka ni karibu kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze. Kama inawezekana chukua basi la mchana Jumapili, au omba ruhusa ya Jumatatu asubuhi, kwa sababu bamvua inataka asubuhi yako ya pili yote. Wifi yangu safari hii amenipigia kabla hata ya kukata tiketi, akaniuliza tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu inaangukia lini.