Selotepu haiokoi jalada

Kitabu kingine tena kimeletwa kimefungwa selotepu mgongoni kama mguu uliovunjika, na mwenyewe anajisifu: "Nimekiwahi kabla hakijaharibika." Selotepu ndiyo iliyokiharibu. Gundi yake hulainika kadiri miaka inavyokwenda, ikapenya kwenye nyuzi za karatasi, kisha ikakauka na kubaki rangi ya chai ya rangi. Doa hilo halitoki. Ukiibandua kwa nguvu inaondoka na wino, na wewe kitabu ulikinunulia mchoro wa jalada.

Kinachotakiwa kuunga jalada lililochanika ni uji wa wanga wa ngano. Siyo unga wa chapati, wanga mtupu. Kanda donge la unga, kisha liminyeminye ndani ya bakuli la maji: wanga unatoka, kinachonata kinabaki mkononi. Maji yakitulia saa chache, mwaga ya juu, kausha kilichobaki chini. Kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, moto mdogo, koroga dakika 20 mpaka weupe uishe. Ukipoa, chuja na uzimue uwe kama mtindi. Chana kwa mkono, usikate kwa mkasi, kipande chembamba cha karatasi ya Kijapani, yenye nyuzi ndefu. Ni ghali, lakini ya chooni ina nyuzi fupi, haishiki. Gusisha kwanza pamba yenye unyevu kwenye kona ya mchoro. Ikichukua rangi, acha kazi hapo hapo. Isipochukua, paka uji kidogo sana, bandika upande wa ndani wa jalada, weka karatasi kavu juu na chini, kandamiza kwa uzito usiku kucha. Uji ukizidi, jalada linajikunja na kubaki na michirizi ya maji.

Kuna na maneno mengine yanayopotosha. "Mwaka ulioandikwa ndani ndio umri wa jalada." Things Fall Apart ya Chinua Achebe ilitoka London mwaka 1958 ikiwa na jalada gumu, ya African Writers Series (mfululizo wa vitabu vya waandishi wa Afrika) yenye jalada jepesi ni ya 1962, na ikachapwa tena na tena huku 1958 ikiendelea kuandikwa. Soma mistari yote ya chapa, ile inayotaja kila mara kitabu kilipochapwa. Tafsiri ya Nyerere ya Shakespeare nayo: ya 1963 inaitwa Julius Caezar, ya 1969 Juliasi Kaizari. Anayekuuzia ya pili kwa bei ya kwanza hajasoma hata jalada.

"Nailoni ya kufunikia madaftari inalinda." Inanata na kuvuta wino. Tumia plastiki ya poliesta, ikunjwe tu, bila gundi.

"Kikishika ukungu wakati wa masika, anika juani." Jua la Moshi linafuta nyekundu na njano kwanza. Kausha kivulini penye upepo, kikishakauka toa ukungu kwa brashi laini ukiwa nje, umefunika pua. Rafu nayo isigusane na ukuta wa nje: acha sentimita tano.