Je, wajua kwa nini nakala kumi za programu haziijazi ripozitori, yaani ghala la faili za mradi na historia yake?

Tuseme vijana wa Mwanza wanajaribu programu ya kutuma bei ya dagaa wa soko la Mwaloni Kirumba kwa SMS. Mmoja anataka menyu ya USSD (ile ya kubonyeza nyota na namba), mwingine anataka simu itambue kwa picha kama samaki ni sato au sangara. Kila mmoja anakopi folda nzima ya mwenzake, anabadilisha faili mbili tatu, anairusha kwenye ripozitori yao ya pamoja. Ungetegemea ijae upesi. Haijai.

Kazi hiyo inafanywa na Git, programu aliyoianzisha Linus Torvalds Aprili 2005 kwa ajili ya msimbo wa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Git inapotunza faili haiangalii jina, inaangalia kilichoandikwa ndani. Inakikokotoa na kupata kitambulisho, kwa kawaida cha herufi na tarakimu 40. Faili lilelile likiwa kwenye folda kumi, kitambulisho ni kimoja, basi linatunzwa mara moja tu. Badilisha “sato” iwe “Sato”: kitambulisho chote kinageuka, na kinachoongezeka ni faili hilo pamoja na orodha fupi za folda linamokaa na kumbukumbu ya badiliko.

Ndiyo maana kwa majaribio mimi napendelea folda kuliko matawi, yaani njia za pembeni za historia ambazo Git hukuruhusu kufungua. Tawi husahaulika, folda unaiona kila ukifungua. Iitwe “bei-kwa-sms”, si “jaribio-jipya-2-mwisho-kabisa” (tunazijua hizo), na ndani iwe na faili la README: jaribio lilikuwa linajibu swali gani, linaendeshwaje, liko hai au lilishakufa. Mistari minne inatosha.

Picha za samaki ni habari nyingine. Zilishabanwa tayari, hazipungui zaidi, na GitHub, tovuti ya kuhifadhia ripozitori, inakataa faili linalozidi MB 100. Zikae nje. Mwenye bando dogo avute ripozitori kwa “git clone --depth 1”, apate hali ya sasa bila historia yote.

Nywila na funguo za huduma ya SMS zisiingie kabisa. Faili lenye siri hizo liorodheshwe kwenye .gitignore (orodha ya vitu ambavyo Git ivipuuze) kabla ya kuhifadhi hatua ya kwanza. Ukilifuta baadaye, linatoweka kwenye folda lakini historia bado inalo, na kila aliyekwisha kuvuta ripozitori analo kwenye kompyuta yake. Ikitokea, anza kwa kuubatilisha ufunguo huko kwenye huduma yenyewe; kusafisha historia kunaweza kusubiri.