Kunywa dawa si dalili kwamba hujapona

Jumatano iliyopita, tukikaribia kufunga kliniki, mjomba wa kijana mmoja ninayemhudumia alinivuta pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akashusha sauti: "Nesi, hizi dawa atazimaliza lini? Upande wa binti anayemchumbia wanataka kujua kama amepona."

Kijana mwenyewe alikuwa kwenye benchi nje. Nimebadilisha mambo yake kadhaa asitambulike, ila haya ni ya kweli: ni fundi cherehani, ana miaka 3 hajalazwa, kodi ya fremu analipa mwenyewe na ana vijana 2 anaowafundisha kazi. Mjomba anayajua yote hayo. Kinachomsumbua ni kidonge kimoja cha usiku.

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili hapa Dodoma miaka 14. Swali hili nimelijibu nikiwa nimesimama mlangoni mara nyingi mno, leo nalijibu nimekaa.

Wenzangu hujibu kwa mfano wa kisukari: mbona mwenye sukari anatumia dawa kila siku na hakuna anayemshangaa? Mimi nimeuacha mfano huo. Sukari naipima kwa tone la damu, nikaona namba. Saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, haina kipimo hicho. Halafu mfano huo unamwambia kijana wa miaka 22, aliyeugua mara moja tu, kwamba atakunywa dawa hadi kufa. Hilo hakuna mtu anayeweza kumwambia kwa uhakika.

Sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, naipitia haraka, maana hapo mambo ni mepesi kidogo: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa iendelee angalau miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha ipunguzwe polepole. Ukiikata ghafla amitriptilini, mojawapo ya dawa za sonona, usingizi unaweza kuruka na kichefuchefu kikaja, nawe ukadhani ugonjwa umerudi.

Kwenye saikosisi nitakaa zaidi kwenye kalenda, kwa sababu hapo ndipo familia nyingi hupotea. Mtu anaacha dawa mwezi wa 3. Mwezi wa 4 yuko vizuri, tena vizuri kuliko alipokuwa akizinywa: mate hayamtoki, mikono haitetemeki, alfajiri yuko macho. Nafuu hiyo ni ya kweli, nawaomba wauguzi wenzangu tuache kuikana. Madhara ya haloperidoli, dawa yake ya saikosisi, yameondoka, lazima ajisikie mwepesi. Mwezi wa 5 nyumbani wanamshukuru Mungu. Mwezi wa 7 usingizi unaanza kupungua, hakuna anayehesabu. Mwezi wa 8 analetwa amefungwa kamba, na ndugu wananiambia: "Dawa aliacha zamani tu na alikuwa mzima. Hii imeanza baada ya ule ugomvi wa shamba." Jirani wa shamba anabebeshwa uchawi ambao hakuufanya.

Kwa wanaochoma sindano ya mwezi, kalenda inadanganya zaidi. Flufenazini ile imewekwa kwenye mafuta ili itoke taratibu kutoka kwenye msuli. Ukiruka sindano moja, dawa bado imo mwilini, na wewe unahesabu siku hizo kama ushahidi kwamba unaweza kuishi bila dawa.

Hata hivyo siwezi kuwaambia kwamba kila anayeacha ataugua. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi uliofuatilia watu 103 kwa miaka 7, wote walikuwa wametulia baada ya saikosisi ya kwanza. Waliopunguziwa au kuachishwa dawa mapema, chini ya uangalizi, waliugua tena kwa wingi zaidi mwanzoni. Lakini miaka 7 ilipotimia, 40 kati ya kila 100 wa kundi hilo walikuwa wametulia dalili na wamerudi kwenye maisha yao. Kwa waliobakishwa kwenye dozi ilikuwa takribani 18. Utafiti ni mdogo na wapo wataalamu waliouhoji. Mimi umeninyima raha kwa miaka, kwa sababu kila mwezi naandika "aendelee na dawa" kwenye kadi za watu ambao pengine baadhi yao wangeishi vizuri na nusu ya dozi. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha kunionyesha ni nani.

Basi kupona nakuangalia wapi? Usingizi kwanza. Kisha pesa: anapata, anatumia, anabakiza? Mama mmoja aliniambia alijua mwanawe amerudi siku alipolalamika kwamba mboga haina chumvi. Kwa miezi mingi alikuwa akila chochote bila neno. Na yuko dada mwenye genge ambaye jioni bado anasikia sauti. Huongeza redio, akaendelea kupanga nyanya zake. Mimi nasema amepona. Daktari ninayefanya naye kazi hakubali, tumebishana na hatujaelewana.

Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo hapa Dodoma tangu 1927, na hadi leo watu wanarushiana jina lake kama tusi. Ndiyo maana vidonge vinafungwa kwenye leso na kumezwa gizani. Binti wa watu atakayeambiwa "amepona, hanywi tena dawa" ataolewa kwenye uongo, na mume atalazimika kuacha dawa ili uongo uwe kweli.

Nilimwita kijana ndani, nikamuuliza mbele ya mjomba wake anataka nini. Hakuuliza dawa zitaisha lini. Alisema, "Dada, kidonge kinanilaza mpaka saa tatu asubuhi, wateja wanakuta fremu imefungwa." Kwa miezi 6 hakuna kati yetu aliyemuuliza anaamka saa ngapi. Daktari alipunguza dozi kidogo siku hiyo hiyo. Nyuma ya kadi tukaandika ishara yake, kama anavyoijua mwenyewe: usiku 2 mfululizo bila usingizi, na kushona bila kupima. Akiziona, au dada yake akiziona, waje bila kusubiri tarehe. Kuhusu binti, alisema atamwonyesha kadi yeye mwenyewe, na akamwomba mjomba asimtangulie.