Mguu Mmoja Ukifura Wakati wa Kemo, Usiuchue

Aliingia kliniki na ndara moja tu. Ya pili aliitia mkobani, maana mguu wa kushoto ulikuwa umefura hata ukanda haupiti. Ni mama wa Kisauni, hapa Mombasa, ana kansa ya ovari, na wiki mbili nyuma alikuwa amewekewa kemo (dawa za kuua saratani) ya tatu. Nilipomuuliza mguu ulianza lini, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, hii ni baridi tu. Nalala karibu na feni. Dada yangu amenichua kwa mafuta ya nazi siku nne hizi, lakini leo ndio umezidi."

Tulichukua tepu, ile ile ya fundi cherehani, tukapima shavu la kila mguu sentimita 10 chini ya goti. Wa kushoto ulizidi kwa sentimita 5. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha bonge la damu limeziba mshipa kuanzia nyuma ya goti hadi pajani.

Naandika haya kwa sababu ya zile siku nne.

Mtu mwenye saratani yuko katika hatari ya kuganda damu mishipani mara 4 hadi 7 zaidi ya asiye nayo, na kemo huongeza hatari hiyo. Si jambo jipya. Armand Trousseau, daktari wa Paris, alilifundisha mwaka 1865. Miaka miwili baadaye yeye mwenyewe alifariki kwa saratani ya tumbo, baada ya mshipa wake kuganda damu na kumfanya atambue anaugua nini. Uvimbe wa saratani humwaga ndani ya damu kemikali zinazoiamrisha igande, kana kwamba kuna jeraha. Dawa nazo huchubua utando laini ulio ndani ya mishipa. Halafu mgonjwa anatapika, hanywi maji, analala siku tatu bila kuinuka kitandani, na damu ya miguuni ambayo husukumwa juu na misuli ya mtu anayetembea inatulia. Mwenye mrija wa dawa kwenye mshipa mkubwa wa mkono au kifua anaweza kupata bonge hapo hapo, mkono au shingo ikafura badala ya mguu.

Saratani za kongosho na tumbo ndizo zinazoongoza kwa hatari hii, zikifuatwa na za mapafu, ovari, kibofu na tezi za limfu. Upande wa dawa, tunakuwa macho zaidi kwa sisplatini, na kwa lenalidomaidi na thalidomaidi zikitolewa pamoja na deksamethasoni. Kuna kidonge ambacho akina mama wengi hawakihesabu kuwa ni dawa ya kansa, nacho ni tamoksifeni. Kinamezwa nyumbani kwa miaka mitano au zaidi, mtu amesharudi kazini, amesahau habari za hospitali. Nacho pia huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo mguu ukifura katika mwaka wa pili wa tamoksifeni, bado ni wetu.

Sasa turudi kwenye kuchua. Sina ugomvi na mafuta ya nazi wala na mikono ya nyanya zetu. Mabega ya mtu aliyeshinda akibeba magunia Kongowea yanastahili kuchuliwa. Lakini bonge la damu lililo mguuni limejishikiza kwenye ukuta wa mshipa kwa upande mmoja tu, hasa siku za mwanzo. Ukilikamua kwa kidole gumba, kipande kinaweza kukatika, kikapanda na damu hadi moyoni, na kutoka hapo kikaenda kukwama kwenye mapafu. Hapo ndipo watu hufa. Bonge linaweza kukatika hata bila kuguswa, lakini hakuna sababu ya kulisaidia. Hijama (kuumikwa) pia naomba iachwe kipindi hiki chote, kwa kuwa kemo hupunguza chembe sahani zinazofunga jeraha, na hatari huzidi kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Utaujuaje? Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi kuna sababu nyingine: figo, upungufu wa protini, steroidi, au dawa yenyewe. Tueleze, lakini usiingiwe na hofu. Mguu mmoja ukifura, ukawa na joto, ukauma shavuni kama mkazo wa misuli usioachia, au ngozi ikageuka rangi, tuuchukulie kuwa ni bonge mpaka picha iseme vinginevyo. Kwa mtu mweusi usitegemee wekundu. Tegemea joto, uzito na ule utepe wa kupimia. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 haisubiri tarehe ya kliniki. Njoo siku hiyo hiyo. Kipimo chenyewe ni jeli na kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, kama kile cha mama mjamzito, na hakina sindano.

Kuhema ghafla, kifua kuchoma ukivuta pumzi, moyo kwenda mbio umekaa tu, kukohoa damu au kuzimia: hapo usipige simu kuuliza ushauri. Nenda kitengo cha dharura kilicho karibu, usiku wa manane iwe au alfajiri. Kama uko ng'ambo ya Likoni, usivuke feri kuifuata kliniki yako uliyoizoea.

Bonge likipatikana, tiba ni dawa ambazo mitaani huitwa za kuyeyusha damu. Kwa kweli haziyeyushi kitu. Huzuia bonge lisikue, na mwili wenyewe ndio unaolimeng'enya taratibu, ndiyo maana zinatumiwa kwa miezi 3 hadi 6 angalau, na huendelea maadamu saratani bado ipo au matibabu hayajaisha. Mguu kurudi saizi yake wiki ya pili si ruhusa ya kuacha.

Kuna jambo siwezi kumficha mgonjwa, hasa katika mji wetu. Heparini, na enoksaparini inayotokana nayo, ambazo ni sindano za kuzuia damu kuganda, hutengenezwa kutokana na matumbo ya nguruwe. Wapo Waislamu wanaozikubali kwa dharura. Baadhi yao hunisomea wao wenyewe aya ya 173 ya Suratul Baqara kuhusu aliyelazimika. Wapo ambao roho haitulii, na nawaheshimu. Tuambiane basi. Fondaparinuksi hutengenezwa maabara, na vidonge vya rivaroksabani na apiksabani havitokani na heparini. Vidonge hivyo vina masharti yake: kwa saratani ya tumbo, utumbo au kibofu ambayo bado haijatolewa vinaweza kuleta uvujaji wa damu, na kuna dawa zisizopatana navyo. Lakini mlango upo. Ninachokiogopa ni mgonjwa kuniitikia, "Sawa, daktari," kisha sindano zikae kabatini mwezi mzima.

Anayezitumia, sindano ni ya kwenye mafuta ya tumbo, kando ya kitovu kwa sentimita 5, upande huu leo na ule kesho. Usipasugue baada ya kuchoma. Enoksaparini haitakiwi kupita nyuzi joto 25, na wakati wa kaskazi chumba cha bati kinazipita kabla ya saa nne asubuhi, basi zungumza na duka la dawa uchukue za siku chache chache. Diklofenaki na aspirini usijinunulie. Habbasoda, tangawizi na kitunguu saumu cha vipimo vikubwa tutajie, hatutakugombeza. Choo cheusi kama lami, mkojo wenye damu au kichwa kinachouma kupita kawaida, rudi mara moja.

Si kila anayeanza kemo anapewa dawa ya kujikinga. Tunaangalia aina ya saratani, uzito wa mwili, himoglobini, chembe nyeupe na chembe sahani, tunajumlisha alama za hatari, kisha tunalinganisha na hatari ya kuvuja damu. Uliza alama zako ni ngapi.

Wengi hapa Pwani husafiri Nairobi kwa vipimo au mionzi. Safari inayozidi masaa 4 huongeza hatari hata kwa mtu mzima wa afya. Treni ya SGR ni masaa 5 hadi 6, lakini unaweza kuinuka na kutembea behewani. Basi la usiku linakufunga kwenye kiti masaa 8 au zaidi. Ukiweza, chagua treni. Ukipanda basi, kaa kiti cha njiani, zungusha vifundo vya miguu kila unapoamka, kunywa maji, na shuka Mtito Andei hata kama huna haja ya choo.

Yule mama sasa ana tepu yake mkobani. Kila Jumatatu humwita mjukuu, wanapima, anaandika nambari mbili nyuma ya kadi ya kliniki. Wiki iliyopita zilikuwa 36 na 35, na alikuja na ndara zote mbili.