Hapana, Hajati, PlayStation haikuua TV yako

Wiki hii nimeletewa TV tatu, na zote zimefika na hukumu tayari: "Fundi, hii imeuawa na PlayStation." Ya tatu ililetwa na hajati mmoja kwa bodaboda, inchi 43, imefungwa shuka la kitanda, na mjukuu wake wa miaka kumi na miwili akimfuata kwa miguu kama mshtakiwa anayepelekwa kortini. PlayStation yenyewe ilikuwa na siku nne kabatini, imefungiwa kwa kufuli.

Niliichomeka TV. Sauti ipo, kioo cheusi tii. Nikawasha tochi ya simu, nikaimulika kioo kwa ubavu, karibu kabisa. "Hajati, inama hapa kidogo." Akainama, akamwona mtangazaji anasoma habari gizani, midomo inacheza.

Miaka kumi na moja natengeneza TV na mashine za michezo hapa Busia, upande wa Uganda, na tochi hiyo nimeiwasha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Picha ikionekana kwa tochi, kioo ni kizima. Kilichokufa ni baklaiti, zile taa ndogo za LED zilizopangwa kwenye stripu nyuma ya kioo. Taa hizo zimeungwa kwa mfululizo kama shanga. Moja ikikatika, mara nyingi stripu nzima inazimika, au bodi inajilinda kwa kuzima zote.

Na kinachozikata ni joto la mwangaza uliopandishwa hadi mwisho. TV nyingi zinatoka dukani zikiwa kwenye mpangilio wa kung'aa sana, ule wa kuvutia mnunuzi. Mnunuzi anafika nayo nyumbani, anaitundika ukutani, na hagusi tena menyu maisha yake yote. Taa zinakaa zinavuta nguvu kamili mchana na usiku, kwenye chumba chenye bati juu na dirisha moja. Baklaiti haina habari kama unatazama Arsenal, filamu iliyotafsiriwa na VJ, au unacheza mpira wa kwenye diski. Saa nne za tamthilia za hajati zinaichosha sawasawa na saa nne za mjukuu.

"Lakini ilizimika yeye akiwa anacheza!" Bila shaka. Likizo ya Desemba, mchana, nani mwingine anakaa mbele ya TV?

Uvumi huu haukuzuka hewani, nakubali. Kwenye TV za kichogo, picha iliyoganda mahali pamoja muda mrefu ilikuwa inaunguza unga unaong'aa uliopakwa ndani ya kioo, na alama haifutiki. Michezo ya mwanzo ilikuwa na mistari na namba zisizosogea, kwa hiyo hofu ilikuwa na haki. Atari walipotoa mashine yao ya 2600 mwaka 1977, michezo yake ikiachwa bila kuguswa ilianza kubadilisha rangi yenyewe, makusudi, kulinda kioo. Baadaye zikaja TV za plasma zenye udhaifu uleule. Panasonic waliacha kutengeneza plasma mwishoni mwa 2013, Samsung na LG mwaka uliofuata. Leo wa kuogopa alama hizo ni mwenye TV ya OLED, na mwenye OLED hajawahi kukanyaga kibanda changu. Hizi LED za kawaida mlizo nazo, kivuli cha picha kikibaki, mara nyingi kinapotea chenyewe.

Kuna njia moja ambayo PlayStation inaweza kuhusika kweli, na cha ajabu hakuna mteja aliyewahi kunitajia. Ni ile waya ya HDMI, inayounganisha mashine na TV. Nyumba nyingi hapa hazina ardhi ya kueleweka, yaani ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja chini udongoni. Soketi ina matundu matatu, nyuma yake kuna nyaya mbili. Ukigusa bati la nyuma ya mashine kwa mgongo wa mkono unahisi kama mchwa wanatembea. Huo ni umeme mdogo unaovuja kupitia kapasita za pawa saplai, hauna pa kwenda. Ukichomeka HDMI vyote viwili vikiwa vimewaka, umeme huo unapita kwenye pini za waya, na chipu ya HDMI inaweza kufa, ya TV au ya PlayStation, yoyote itakayotangulia. Ongeza dishi la dekoda lililosimama juu ya bati bila ardhi, katika ukanda huu wa Ziwa Victoria ambao ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Sasa unaelewa kwa nini Aprili kibanda changu kinajaa.

Basi dawa yangu ni ileile niliyoiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi ukutani: ZIMA UKUTANI, CHOMEKA, KISHA WASHA. Chini yake: SHUSHA BAKLAITI HADI 50. Wateja wanaisoma wakisubiri, wananiambia ni kweli kabisa, halafu wanarudi Juni na stripu nyingine. Na hiyo ekstensheni yenye kitaa chekundu si gadi ya TV. Ni ekstensheni yenye kitaa chekundu. Gadi ya kweli inasubiri kidogo umeme ukirudi, ndipo inaruhusu TV iwake, maana umeme unaporudi ndipo unapofika na hasira.

Mengine nitayasema kwa kifupi.

"Inamaliza Yaka," yaani umeme wa kulipia kabla. PS4 ile nyembamba ikiwa inafanya kazi inavuta kama wati 80 hadi 100, na TV ya inchi 32 kama 50. Cheza saa tatu, hujafika nusu yuniti. Pakoleta, lile birika la umeme, ikichemsha chai mara nne kwa siku imeshaipita. PS5 inavuta karibu mara mbili ya hapo, sawa, lakini hata yenyewe haimshindi anayepiga pasi sare za watoto watano. Mzee mmoja alinibishia hili huku nyumbani kwake wanachemsha maji ya kuoga kwa koili kwenye ndoo.

"Padi imepata virusi, mchezaji anatembea mwenyewe." Hakuna virusi kwenye hiyo rimoti ya kuchezea. Chini ya kile kijiti kuna njia ya kaboni inayosuguliwa kila unapokisukuma, na ikilika, mashine inadhani bado unasukuma. Kusafisha kunasaidia wiki mbili tatu. Baada ya hapo badilisha kijiti, na ukipata kile cha sumaku, chukua hicho.

"Ya Marekani ni imara zaidi, tutaiwekea adapta." Adapta ya plagi inabadilisha umbo la meno, volti inaziacha vilevile. Kwetu ni 240. Geuza mashine, soma lebo: ikiandikwa 100–240, haina shida; ikiandikwa 120 peke yake, unahitaji transfoma. Hili nalijua kwa moshi. Nilipokuwa najifunza kazi nilichomeka PS2 ya mteja kutoka Texas, ikalia pwa, na nikamlipa kwa miezi miwili.

"Ikipata joto iwekwe kwenye friji." Jamani. Ukiitoa, unyevu wa hewa unageuka maji juu ya bodi. Joto lina sababu zake: vumbi la malori yanayosubiri mpakani, na kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu ya mashine kwa ajili ya urembo. Vitambaa ni vizuri, mama yangu alivifuma, lakini vitandikeni kwenye viti. Na mende, ambao hawatajwi mbele za watu. Wanapenda pawa saplai kwa sababu ina uvuguvugu. Kuna mashine niliifungua, nikaifunga tena haraka, nikaipeleka nje kwanza.

"Ni kamari." Hapa Kiingereza kimewachanganya watu, kwa sababu neno "gaming" linabeba vyote viwili, kamari na michezo ya video. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia bahati nasibu na michezo ya kubahatisha, ile inayomkataza mtu wa chini ya miaka 25 kubeti, inazungumzia mikeka, kasino na mashine za kumeza sarafu. Mtoto anayelipa shilingi 500 kucheza mechi moja amenunua mchezo, kama anayelipia kiti kwenye kibanda cha filamu. Vijana wakiweka elfu mbili mbili mezani mshindi achukue zote, hapo ni kamari, na ingekuwa kamari hata wangecheza omweso, bao letu la hapa.

"Inaharibu macho." Mimi natengeneza mashine. Daktari wa macho yupo.

Hajati alilipia stripu, nikamshushia baklaiti, nikamwonyesha mjukuu jinsi ya kuzima ukutani kabla ya kugusa waya. Jana amepita dukani kununua rimoti. Anasema TV iko sawa, na PlayStation bado iko kabatini, safari hii kwa sababu ya matokeo ya hesabu.